Kiswahili cha Wapagazi: Uhakiki wa Filamu ya King Solomon's Mines (1950)

Utangulizi

Walimu wengi wa fasihi ya Kiswahili wanaifahamu hadithi ya Mashimo ya Mfalme Sulemani kama kitabu. Riwaya yenyewe iliandikwa na Mwingereza H. Rider Haggard na kutolewa mwaka 1885. Tafsiri ya Kiswahili, iliyofanywa na Frederick Johnson, ilichapishwa mwaka 1929. Walioitazama filamu iliyotengenezwa na kampuni ya MGM ya Marekani mwaka 1950 kutokana na riwaya hiyo ni wachache zaidi, ingawa sehemu yake kubwa ilipigwa katika nchi zetu hizi: Uganda, Kenya, Tanganyika, Kongo ya Wabelgiji na Ruanda.

Makala haya yanaihakiki filamu hiyo kwa kuuliza swali moja tu la lugha: ni nani anayepewa nafasi ya kusema sentensi nzima? Swali hili si dogo kwa idara ya Kiswahili iliyo katika eneo la Kasese na Bwera. Filamu hii ni miongoni mwa zile zilizopeleka Kiswahili masikioni mwa watazamaji wengi wa dunia. Yafaa tujue ni Kiswahili cha namna gani walichosikia, na kama sisi wenyewe darasani hatukifundishi kwa namna hiyo hiyo.

Filamu za mavazi ya kale na desturi yake ya lugha

King Solomon's Mines ni ya kundi la filamu lililopendwa sana kati ya miaka ya 1930 na 1950. Hizi ni filamu za visa vya ujasiri, zenye mavazi ya kale, ambazo humchukua mtazamaji hadi nchi ya mbali na karne iliyopita. Katika kundi hilo tunazikuta The Adventures of Robin Hood (1938), The Thief of Bagdad (1940) na Ivanhoe (1952). Stewart Granger, aliyeigiza kama mwindaji Allan Quatermain, aliendelea na filamu za jamii hiyo. Mwaka 1952 alionekana katika Scaramouche na The Prisoner of Zenda, safari hii akiwa na upanga mkononi badala ya bunduki.

Filamu za kundi hili kwa kawaida zina desturi moja: kila mtu husema lugha ya hadhira. Mwizi wa Baghdad anasema Kiingereza, mfalme wake anasema Kiingereza, na mchuuzi wa sokoni vilevile. Hakuna mtazamaji anayelalamika, kwa kuwa ni makubaliano kati ya msanii na hadhira yake. Sisi pia tunayajua makubaliano hayo. Katika Mabepari wa Venisi (1969), tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, Shylock anadai haki yake kwa Kiswahili, na hatuulizi alijifunzia wapi.

Desturi hiyo ni uongo ulio wazi, lakini ina faida yake. Inampa kila mhusika sentensi zilizokamilika. Mwizi akitaka kubishana na mfalme, anao msamiati wa kubishania. Mtumwa akitaka kulalamika, hadhira inaelewa analalamikia nini. Mtu anaweza kuvaa vazi la kigeni na bado akili yake ikaonekana kupitia maneno yake.

Sifa za filamu

Watengenezaji wa filamu ya 1950 waliamua kwenda njia nyingine. Badala ya kujenga Afrika ya mbao na karatasi katika studio za California, walikuja wenyewe. Filamu iliongozwa na Compton Bennett na Andrew Marton. Picha zilisimamiwa na Robert Surtees, ambaye kazi yake ilipata tuzo ya Oscar ya upigaji picha za rangi. Filamu ilipata pia Oscar ya uhariri, na ikawa miongoni mwa zilizoteuliwa kushindania tuzo ya filamu bora ya mwaka.

Tuzo hizo hazikutolewa bure. Maporomoko ya Murchison hayajapoteza nguvu yake katika filamu hii, na wanyama wanapokimbia mbele ya moto, mtazamaji anahisi vumbi. Jambo jingine la kusifiwa ni sauti. Filamu haina muziki wa okestra uliotungwa ili kumwambia mtazamaji wakati wa kuogopa na wakati wa kupenda. Tunasikia ngoma, nyimbo za watu na sauti za nyika. Kwa filamu ya wakati ule huo ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na hadi leo unaipa filamu utulivu ambao nyingi za rika lake hazina.

Hata hivyo, jiografia yake ni mchanganyiko. Haggard aliiweka nchi yake ya kubuni ya Wakukuana kusini mwa Afrika, na lugha yao akaifanya jamaa ya Kizulu. Filamu inaihamishia hadithi katika eneo la Maziwa Makuu, mwaka 1897, na wafalme wa Kikukuana wanakuwa Watutsi wa Ruanda. Mtu akichora mstari kutoka Murchison hadi kusini mwa Ruanda, mstari huo hauko mbali na Kasese. Kwa hiyo nchi ambayo filamu inaiita isiyojulikana ni nchi ya majirani zetu na, kwa kiasi fulani, yetu wenyewe.

Kiswahili kilichogeuzwa vazi

Waliokuja kutafuta mandhari ya kweli walichukua pia lugha za kweli. Quatermain anazungumza na wapagazi wake na mtumishi wake Khiva kwa Kiswahili. Watutsi wanasema lugha yao. Kwa mtazamo wa kwanza hii ni heshima kubwa. Lugha zetu hazikugeuzwa makelele ya kubuni, kama zilivyofanywa katika filamu nyingi za msituni ambamo Mwafrika hutoa mlio wowote uliomjia mwandishi.

Tatizo ni kwamba maneno hayo hayakutafsiriwa kwa maandishi chini ya picha. Hadhira iliyokusudiwa haikujua Kiswahili. Inachopata ni sauti tu, na sauti hiyo inafanya kazi ileile ya ngoma, manyoya na mikuki: inamwambia mtazamaji kwamba yuko mbali na kwao. Lugha imekuwa sehemu ya mavazi. Mtazamaji akitaka kujua lililosemwa, inambidi amngoje Quatermain aseme kwa Kiingereza. Mwafrika anasema, Mzungu anafasiri, na kinachobaki akilini ni maneno ya Mzungu.

Sisi tunaokijua Kiswahili tunaitazama filamu nyingine kabisa. Kwetu ile si sauti, ni maana. Lakini tukisikiliza maana hiyo tunakuta kwamba ni nyembamba. Sehemu kubwa ni maagizo na majibu mafupi ya kazi. Hakuna mpagazi anayesimulia alikotoka, anayeuliza ujira wake, anayemtania mwenzake au anayetoa shauri lenye sababu. Vitenzi viko katika hali ya kuamuru. Wakati uliopita hauna kazi kwa kuwa wapagazi hawana historia, na wakati ujao hauna kazi kwa kuwa hawana mipango. Wanapotoroka, filamu inataka tuamini kwamba sababu ni hofu tu.

Hapa ndipo penye kinaya cha filamu hii. Ilipoiacha desturi ya zamani ya lugha moja kwa wote, ilipata ukweli wa sauti na kupoteza ukweli wa watu. Mwizi wa Baghdad, aliyevishwa Kiingereza cha bandia, ana usemi mwingi kuliko mpagazi aliyeruhusiwa kutumia Kiswahili halisi. Kosa si kutumia Kiswahili. Kosa ni kukitumia bila kuwa na haja ya kujua kinasema nini.

Umbopa wa kitabuni na Umbopa wa filamu

Ubaya huu unaonekana zaidi tukimlinganisha Umbopa wa riwaya na wa filamu. Katika riwaya, Umbopa anajiunga na msafara kama mtumishi, lakini tangu mwanzo usemi wake ni wa mtu mkubwa. Anazungumza na Sir Henry Curtis kama mtu na mwenzake, hata Quatermain, mwenye kiburi cha zama zake, anashangaa na kuudhika. Baadaye tunajua kwamba yeye ni Ignosi, mfalme halali. Akishakuwa mfalme anatoa masharti ya kisiasa: wafanyabiashara wenye bunduki na pombe wasiingie katika nchi yake, wala wahubiri. Haggard alikuwa mtu wa dola ya Kiingereza, na mtazamo wake kwa Waafrika una kasoro nyingi ambazo mhakiki hawezi kuzifumbia macho. Lakini alimwachia mfalme huyu hoja, na hoja hiyo ilikuwa dhidi ya Wazungu wenyewe.

Katika filamu ya 1937, iliyoongozwa na Robert Stevenson huko Uingereza, Umbopa aliigizwa na Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyekuwa mwimbaji na msanii mashuhuri. Filamu ile ina mambo mengi ya kuchekesha, lakini Robeson anasema na kuimba, na tunamkumbuka. Mwaka 1950 nafasi hiyo ilipewa Siriaque, mtu mrefu mwenye haiba kubwa mbele ya kamera. Kamera inampenda, lakini hadithi haimpi maneno. Anafika, anatembea, anaonyesha kuwa yeye ni wa ukoo wa kifalme, anapigana na Twala, anashinda, kisha anawapa wageni wasindikizaji wa kuwarudisha kwao. Masharti yake ya kisiasa hayapo.

Wanawake wamepatwa na jambo kama hilo. Katika riwaya hakuna mwanamke wa Kizungu katika safari. Wanawake wawili wenye uzito ni Waafrika: Foulata, msichana anayekufa pangoni, na Gagool, bibi kizee mwenye ulimi mkali kuliko wote. Filamu imemleta Elizabeth Curtis, aliyeigizwa na Deborah Kerr, anayemtafuta mumewe. Foulata ameondolewa, na Gagool amekuwa mshauri wa kiume wa mfalme. Mwanamke mmoja aliongezwa, wawili wakapoteza nafasi zao.

Tukirudi kwenye tafsiri ya 1929, tunaona jambo la kutafakari. Johnson alikuwa mtumishi wa utawala wa kikoloni, na baadaye alikuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili. Lengo la vitabu vile lilikuwa kuwapatia wanafunzi wa shule matini ya kusoma, na wahakiki wengi wameeleza kwa haki jinsi vilivyobeba fikra za ukoloni. Hata hivyo, kazi ya kutafsiri ilimlazimisha kufanya jambo ambalo filamu haikulifanya. Katika kitabu cha Kiswahili, Quatermain anasema Kiswahili, Umbopa anasema Kiswahili, Twala na Gagool nao wanasema Kiswahili. Sarufi yao ni moja. Bwana na mtumishi wanatumia viambishi vilevile na nyakati zilezile. Mwanafunzi aliyeifungua kurasa zake hakuambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya kubebea mizigo.

Wapagazi waliokuwapo kweli

Huenda mtu akasema kwamba filamu ni burudani, na kwamba wapagazi wa 1897 hawakuwa na mengi ya kusema. Ushahidi ulioandikwa unakataa. Mwaka 1901, Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa habari za safari zilizosimuliwa na wenyeji wa pwani kwa Kiswahili chao. Humo Selemani bin Mwenye Chande anaeleza safari ya bara, pamoja na biashara, njaa, hongo na hesabu zake. Humo pia Salim bin Abakari anaeleza safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Tuutazame mwaka huo. Filamu inatuonyesha msafara wa 1897 ambao wasema Kiswahili wake hawana cha kusimulia, ilhali mwaka mmoja kabla yake msema Kiswahili alikuwa ameiona Siberia na kuwaeleza wenzake ugeni wa watu wa huko.

Katika misafara ya kweli kulikuwa na kirangozi aliyetangulia, mnyapara aliyesimamia watu, na wapagazi waliobeba mizigo ya karibu kilo 30 kila mmoja. Walikubaliana ujira, waligoma, walidai posho. Neno hilo posho, lililokuwa na maana ya chakula cha safari, ndilo jina la ugali ambao wanafunzi wa Uganda wanakula shuleni kila siku. Septemba 1897 askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Waingereza waliasi, na uasi wao ukafika hadi ngome ya Luba huko Busoga. Miongoni mwa malalamiko yao yalikuwa mshahara mdogo na safari zisizokwisha. Hawakuasi kwa hofu ya mizimu. Walikuwa na hoja.

Kiswahili kilifika chini ya Ruwenzori kwa miguu ya watu kama hao. Stanley alipopita Katwe mwaka 1889, wengi wa watu wake walikuwa Wazanzibari. Lugard alipojenga ngome yake hapo Katwe mwaka 1891, mahali pale tayari palikuwa na biashara kubwa ya chumvi. Mahali penye biashara lugha haiishii katika amri, kwa sababu muuzaji haamrishwi kununuliwa.

Jambo hilo linaonekana mpaka leo katika soko la Mpondwe karibu na Bwera, ambako watu wa Kasindi, Beni na Butembo hukutana na watu wa upande huu. Kiswahili kinachosikika pale kina lafudhi ya Kongo na si sanifu kila mara. Lakini kinauza, kinakopa, kinabembeleza, kinatania, kinalaumu na kupeana pole ya msiba.

Mashimo bila wachimbaji

Msomaji wa Kasese ana swali jingine la kuiuliza filamu hii. Mashujaa wanafika pangoni, wanaziona almasi na mifupa ya mume wa Elizabeth, wanafungiwa ndani, wanatoka kupitia mto wa chini ya ardhi. Hakuna anayeuliza ni nani aliyechimba. Jina la Sulemani linatosha kuwa jibu, kana kwamba utajiri wa Afrika lazima uwe umepangwa na mtu wa mbali.

Neno alilolichagua Johnson, mashimo, linatukumbusha kwamba shimo halijichimbi. Leo pengine tungesema machimbo au migodi, lakini maana ya kazi ingebaki. Hapa Kasese tuna Kilembe. Mgodi wake wa shaba ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, na ulifanya kazi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mji wa Kasese ulikua kwa sababu ya watu wa makabila mbalimbali waliokuja kwa kazi hiyo. Mwanafunzi ambaye babu yake aliingia chini ya ardhi kwa zamu hawezi kulikubali kirahisi pango la filamu ambalo lina hazina na halina mfanyakazi.

Kwa nini jambo hili linatuhusu walimu

Nchini Uganda Kiswahili kimebeba kwa muda mrefu sifa ya kuwa lugha ya askari na wezi, yaani lugha ya kuamrishia na kutishia. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitekelezwe hivyo na kifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria zinaweza kubadili cheo cha lugha. Haziwezi peke yake kubadili picha iliyomo vichwani mwa watu.

Picha hiyo ndiyo ambayo filamu ya 1950 ilisaidia kuieneza. Watengenezaji wake waliona picha zao zina faida, kwani MGM ilizitumia tena baadhi katika filamu ya Watusi mwaka 1959. Watu waliopigwa picha mara moja walionyeshwa mara ya pili katika hadithi nyingine, bado bila sentensi zao. Nasi walimu tukianza somo la Kiswahili kwa njeo, kaa, simama, leta, funga mlango, na tukakaa hapo muhula mzima, tunaifundisha lugha ya msafara ule ule.

Ninapendekeza kwa hiyo mambo matatu. Kwanza, filamu hii isiachwe. Ionyeshwe katika somo la fasihi linganishi, sambamba na tafsiri ya Johnson na sehemu za Safari za Wasuaheli. Pili, wanafunzi waandike kwa Kiswahili maandishi ya tafsiri ambayo filamu haina, kisha waorodheshe vitenzi vyote na hali zake. Hesabu hiyo itawafundisha zaidi kuliko mhadhara. Tatu, wachague usiku mmoja wa kambi na kuwatungia wapagazi mazungumzo kamili kuhusu ujira, familia, ugonjwa, mzaha na mpango wa kutoroka, wakitumia nyakati zote za sarufi. Waliotazama filamu katika vibanda vya video wanaijua kazi hiyo. Mfasiri wa kibandani, kwa Kiganda hapa Uganda au kwa Kiswahili huko Tanzania, huwapa maneno hata wale wahusika ambao mwongozaji aliwasahau.

Hitimisho

King Solomon's Mines ya 1950 ni filamu nzuri ya kutazama. Upigaji picha wake unastahili heshima uliyopata, na uamuzi wake wa kuacha okestra na kusikiliza nchi ni wa kuigwa. Lakini ilisikiliza nchi bila kuwasikiliza watu. Iliwakuta wenye lugha, ikachukua sauti na kuacha maana. Mhakiki wa Kiswahili anao uwezo ambao wahakiki wa New York na London hawakuwa nao, wa kuelewa yanayosemwa nyuma ya mashujaa. Wajibu wetu ni kuutumia uwezo huo, na kuhakikisha kwamba mwanafunzi anayetoka katika madarasa yetu anaweza kwa Kiswahili kuamuru, kukataa, kusimulia na kudai posho yake.